Mzee mwenye dimenshia abaki nyumbani na nani? Ulinganisho wa njia nne

Kwa familia nyingi za Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, utafutaji wa msaada wa nyumbani huanza siku mzee anapopotea. Ametoka asubuhi kwenda kununua mkate kwenye duka alilolizoea kwa miaka thelathini, na saa nane mchana anaonekana stendi akiuliza gari la kwenda kijiji alichokihama akiwa kijana. Jioni hiyo watoto wake wanakutana, walio mbali wanaunganishwa kwa simu, na swali linaulizwa kwa namna inayolipotosha jibu tangu mwanzo: tumtafutie nesi, au tumtafutie mtu wa kushinda naye tu? Hilo neno "tu" lina gharama kubwa. Linachukulia kwamba mwili wa mzee ni kazi ya mtaalamu na upweke wake ni kazi ya yeyote aliyepo, na kwamba watu hao wawili hawana la kuambiana, ilhali katika dimenshia, yaani ubongo kudhoofika hadi kumbukumbu na uwezo wa kufikiri vipotee, anayeona mabadiliko kabla ya wengine wote ni yule anayeshinda na mzee, wala si yule anayekuja na mashine ya kupima presha mara moja kwa mwezi.

Njia zinazolinganishwa hapa ni nne, na zote zinamwacha mzee nyumbani kwake au kwa mwanawe. Ya kwanza ni ndugu mmoja, mara nyingi binti asiyeolewa au mke wa mwana, kuibeba kazi yote. Ya pili ni kumwongezea kazi hiyo dada wa kazi aliyepo tayari. Ya tatu ni kukodi mhudumu au muuguzi kupitia wakala. Ya nne ni huduma zilizounganishwa, yaani tabibu, muuguzi, mtu wa kushinda na mzee, na familia yenyewe, wote wakifuata mpango mmoja ulioandikwa. Nyumba za wazee, kama zile za Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar za Sebleni na Welezo, nimeziacha nje ya ulinganisho huu, kwa kuwa kumhamisha mzee ni uamuzi wa aina nyingine kabisa.

Kabla ya kumlipa mtu yeyote

Uzee peke yake haumfanyi mtu asahau jina la mwanawe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 57 walikuwa wakiishi na dimenshia mwaka 2021, na zaidi ya asilimia 60 kati yao walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, kwa hiyo anayedhani kwamba huu ni ugonjwa wa Ulaya amekosea. Wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti waliowachunguza wazee wapatao 1,200 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, katika miaka ya 2009 na 2010, waligundua kwamba takriban asilimia 6 kati yao walikuwa na dimenshia. Wala si uchawi. Huko Kilifi kuna wazee waliouawa kwa kushukiwa kuwa wachawi, na tabia zinazozua tuhuma za namna hiyo, kama vile kutangatanga usiku na kusema peke yako, ni dalili ambazo daktari angezitambua.

Hata hivyo, si kila anayesahau ana dimenshia, na hapa ndipo familia inapoweza kuokoa fedha na machozi. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi ipasavyo, kaswende ya zamani, VVU, huzuni nzito baada ya kufiwa, na damu iliyovujia ndani ya fuvu baada ya kuanguka, vyote huweza kumfanya mzee aonekane ameishiwa akili, na baadhi yake hutibika. Masikio yaliyoziba hufanya vivyo hivyo: asiyesikia swali hujibu lisiloulizwa. Kisha kuna Piriton, kidonge cha mafua na mwasho ambacho katika nyumba zetu hupewa wazee "walale vizuri". Dawa hiyo, kama zilivyo nyingine za kizazi chake, huzuia kemikali ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, ile ile ambayo ugonjwa wa Alzheimer, aina ya dimenshia iliyoenea kuliko zote, unaipunguza, na mzee aliyekuwa akisahau kidogo huamka akiwa hajui yuko wapi. Vilevile mzee aliyebadilika ghafla ndani ya siku moja au mbili apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwani mara nyingi sababu huwa maambukizi ya njia ya mkojo, nimonia, malaria, au maji kumpungukia mwilini. Hakuna mhudumu wa kukodiwa anayeweza kuwa badala ya uchunguzi huo.

Dawa na mwili: nani anaona nini

Tuseme tuna bibi wa miaka 78 anayeishi Mombasa, mwenye dimenshia ya hatua ya kati, kisukari na presha. Anameza glibenklamaidi, dawa ya sukari iliyoenea sana katika zahanati zetu. Saa nne asubuhi anasema hajala, na kweli anaamini hajala, ingawa chapati na chai alimaliza saa moja. Siku nyingine ni kinyume chake: anasema ameshiba, chakula kinarudi jikoni, na kidonge kimekwisha kumezwa. Glibenklamaidi hukaa mwilini muda mrefu na huweza kushusha sukari ya mzee kupita kiasi, na sukari iliyoshuka hujionyesha kwa kuchanganyikiwa, ukali na usingizi, yaani kwa sura ile ile ya dimenshia yenyewe.

Binti anayeishi naye atagundua kwamba mama leo si yule wa jana, kwa sababu anamjua. Lakini huenda asijue kwamba tofauti hiyo ni sukari, na baada ya miezi ya kukosa usingizi huenda asiigundue hata tofauti yenyewe. Dada wa kazi yuko katika hali ngumu zaidi. Anakabidhiwa mfuko wa vidonge na kuambiwa "vyeupe asubuhi, vya manjano usiku", hajaambiwa vidonge hivyo hufanya nini, na akiona jambo lisilo la kawaida hana uhakika kama kulisema ni kazi yake au ni kujitia kimbelembele. Muuguzi wa kukodiwa anawashinda wote wawili hapa: atapima sukari, atajua kwamba chakula kisipoliwa kidonge hakimezwi kabla daktari hajaulizwa, na atatambua vidonda vya kulalia vikiwa bado wekundu tu juu ya ngozi. Upungufu wake ni wa aina nyingine. Wakala wengi huwabadilisha wahudumu kila baada ya wiki chache, na mgeni hawezi kujua kwamba bibi huyu asiponuna asubuhi basi anaumwa.

Sasa tazama huduma zilizounganishwa. Mtu wa kushinda naye anaandika katika daftari moja, kila siku, mambo machache: amekula nini na kiasi gani, amemeza nini saa ngapi, amekwenda haja au la, amelalaje, na jambo moja lililokuwa tofauti. Muuguzi anapokuja hasomi presha peke yake, anasoma siku kumi na nne. Donepezili, kwa mfano, ni dawa ya Alzheimer inayowapa baadhi ya wagonjwa nafuu ya kiasi bila kuponya, na huweza kuleta kichefuchefu, kupunguza mapigo ya moyo na, ikimezwa usiku, kuleta ndoto kali. Anayejua kwamba mzee hupiga kelele saa tisa usiku ni aliyelala chumba cha pili. Anayejua kwamba kidonge kinaweza kuhamishiwa asubuhi ni tabibu. Wasipokutana, hata kwa ukurasa mmoja wa daftari, kelele hizo zitatibiwa kwa dawa nyingine ya kumlaza.

Na hizo dawa za kulaza na kutuliza zinastahili tahadhari ya pekee, kwa sababu ndizo zinazoombwa na familia iliyochoka. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali kwamba dawa mpya za kutibu wazimu huongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye dimenshia, na mwaka 2008 ikaliongeza onyo hilo kwa dawa za zamani pia, haloperidoli ikiwemo. Daktari anaweza kuwa na sababu nzuri ya kuziandika kwa muda mfupi, pale mzee anapohatarisha maisha yake au ya wengine. Kutulizwa kwa sababu hakuna mtu wa kukaa naye alasiri si mojawapo ya sababu hizo, na njia inayomwachia mhudumu uamuzi wa kuongeza kidonge, iwe ya bei rahisi au ghali, iondolewe kwenye orodha mara moja.

Mchana mrefu

Watu huzungumzia usiku kama wakati mgumu, lakini mchana ndio mrefu. Mzee anayekalishwa mbele ya televisheni kuanzia saa tatu hadi magharibi atalala hovyo kwenye kiti, kisha usiku atakuwa macho, na familia itasema ugonjwa umezidi. Kushinda na mtu mwenye dimenshia ni kazi yenye ujuzi wake. Huko Hai ilijaribiwa tiba ya kuchangamsha akili kwa wazee wenye dimenshia, iliyobuniwa kwanza Uingereza na kisha kurekebishwa ilingane na mazingira ya Kilimanjaro: vikao 14 vya vikundi vidogo katika wiki saba, vyenye mazungumzo, nyimbo, vitu vya kushika na mambo ya zamani, vikiongozwa na wahudumu wasio madaktari bingwa. Uwezo wa akili wa washiriki ulionekana kupanda. Haiponyi, lakini inaonyesha kwamba mazungumzo yaliyopangwa ni sehemu ya matibabu.

Nyumbani kazi hiyo huchukua sura ya mambo ya kawaida. Bibi aliyeshindwa kukumbuka kama ni Jumatatu au Alhamisi anaweza bado kupepeta mchele, kuchambua mchicha, kusuka ukili, au kusahihisha maneno ya wimbo wa taarabu unaoimbwa vibaya mbele yake. Babu anaweza kupoteza hesabu ya fedha na bado akakushinda bao. Mtu mzuri wa kushinda naye hampi mtihani kwa kumwuliza "unanikumbuka mimi ni nani?", swali ambalo kila mgeni huliuliza na ambalo humvunja mzee moyo kila mara, badala yake hujitaja mwenyewe: "Shikamoo bibi, ni mimi Fulani, mtoto wa Fulani, nimekuja tuchambue choroko." Bibi anapomwuliza mume wake aliyefariki yuko wapi, hambishii wala hamtangazii msiba upya kila asubuhi, humwomba asimulie alivyokuwa.

Kwa kipimo hiki mpangilio wa njia zetu unageuka. Muuguzi aliyeongoza katika dawa mara nyingi huwa wa mwisho hapa, si kwa ubaya, bali kwa sababu amefunzwa kumaliza kazi na kukaa. Akishamwogesha mzee, akampa dawa na kujaza fomu, anaona shughuli imekwisha. Nimeona mhudumu mwenye vyeti vyote akiwa kwenye simu yake tangu adhuhuri hadi alasiri, na dada wa kazi asiye na cheti hata kimoja akimwimbia mzee huku akifua. Dada huyo, akifunzwa kwa wiki chache na kupunguziwa kufua na kupika, huwa msaidizi bora kuliko wengi wanaoletwa na wakala. Asipopunguziwa, mzee huwa ni kazi ya tano katika orodha yake, na hakuna anayeweza kumlaumu kwa haki.

Kuna mambo mawili ambayo matangazo ya wakala hayayataji na ambayo kwetu huamua kila kitu. La kwanza ni lugha. Baadhi ya wenye dimenshia hupoteza kwanza lugha walizojifunza ukubwani na kubaki na ile ya utotoni, kwa hiyo mzee aliyefanya kazi bandarini kwa Kiingereza na Kiswahili anaweza kuwa amerudi kwenye Kigiriama au Kikamba, na mhudumu mwenye cheti kizuri asiyejua lugha hiyo atamwandika kuwa "haelewi maagizo". La pili ni stara. Katika jamii nyingi za pwani na bara, mke wa mwana kumwogesha baba mkwe, au mwana kumbadilishia mama yake nepi, ni jambo linalowavunjia heshima wote wawili, na mzee aliyesahau mengine yote huwa bado hajasahau aibu. Anapopigana bafuni huambiwa ana ukali wa ugonjwa, kumbe anailinda heshima yake. Hapa mtu wa nje, wa jinsia yake, anafaa kuliko mwana mpendwa, na familia isione kwamba kumkodi ni kumtupa mzazi.

Usiku na hesabu ya saa

Wiki ina saa 168. Kawaida ya kazi nchini Kenya ni saa 52 kwa wiki, na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi siku moja ya kupumzika katika kila saba. Ukigawanya, unapata kwamba mzee asiyeweza kuachwa peke yake anahitaji watu watatu na zaidi kidogo. Kila mpango unaosema kwamba mtu mmoja anatosha, awe binti, dada wa kazi au mhudumu wa "kulala hapo hapo", unakopa saa zilizobaki kutoka kwenye usingizi wa mtu fulani, na deni hilo hulipwa na mzee kwa kuanguka, kwa dawa kusahauliwa na kwa kukemewa.

Machweo huwazidishia wengi wenye dimenshia wasiwasi: mzee anafunga vitu vyake katika kanga na kusema anakwenda kwao. Mabishano hayasaidii, bali taa ziwashwe mapema, chai iwe nyepesi, na atembezwe uani kidogo kabla giza halijaingia. Kwa usiku wenyewe, wakala mwenye zamu mbili ndiye mwenye jibu kamili zaidi, na ndiye ghali zaidi. Njia ya kuunganisha hujaribu kupunguza hitaji badala ya kununua zamu, kwa kuuchangamsha mchana, kuangalia dawa zinazoharibu usingizi, kuondoa mikeka inayoteleza kati ya kitanda na choo, na kuweka kengele ndogo mlangoni. Baadhi ya nyumba hufanikiwa hivyo. Mzee anayetembea usiku kucha kila siku, hata hivyo, anahitaji mtu aliye macho, na kengele haiwi mtu.

Gharama

Bei za wakala hutofautiana mno kati ya mji na mji, kwa hiyo ni bora kujua unachokilinganisha. Kuanzia Novemba 2024 kima cha chini cha mshahara wa mfanyakazi wa nyumbani katika Nairobi, Mombasa na Kisumu kiliwekwa kuwa shilingi 16,113.75 za Kenya kwa mwezi, kabla ya posho ya nyumba. Inua Jamii, ruzuku ya serikali kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, imekuwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Kwa upande wa Tanzania, mzee wa miaka 60 na zaidi asiyejiweza ana haki ya kutibiwa bila malipo katika vituo vya serikali, lakini haki hiyo iko dirishani hospitalini, haipandi daladala kuja nyumbani. Bima nayo iulizwe kwa maandishi: inalipa ziara ya muuguzi nyumbani, au inalipa kitanda tu?

Ndugu anayeonekana kuwa wa bure ndiye ambaye gharama yake haiandikwi popote. Binti aliyeacha kibanda chake Kongowea au kazi yake ya ukarani ili amtunze mama amepoteza mapato, akiba na pengine ndoa, huku kaka zake wakituma fedha za dawa na kuhesabu kwamba wametimiza wajibu. Nionavyo, familia inayochagua njia hii impe mtunzaji huyo malipo ya kila mwezi na wikendi mbili za mapumziko, yaandikwe kama yangeandikwa kwa mgeni. Kwa wakala, ulizeni mhudumu mwenyewe anapata kiasi gani katika kile mnacholipa. Anayelipwa kidogo hubadilika mara kwa mara, na ninyi mtalipia kila mabadiliko kwa wiki mbili za mzee kukataa kula mkononi mwa mgeni. Na kwa njia zote nne, nambari ya siri ya M-Pesa ya mzee isiwe kwa mtu anayeshinda naye, hata akiwa mwaminifu kiasi gani, ili siku fedha zikipungua asishukiwe.

Watoto walio ughaibuni hupendelea wakala kwa sababu anatuma risiti na picha. Inaeleweka. Miongoni mwa Wakenya na Watanzania walioko Marekani wamo wanaojipatia riziki kwa kuwaogesha wazee wa watu wengine, na wanajua kazi nzuri inavyopaswa kuwa. Lakini picha ya mama akiwa amevaa dera safi haionyeshi kama ameongeleshwa siku nzima.

Kuunganishwa maana yake nini

Neno hili sasa limeingia katika matangazo, na si kila anayelitumia analo. Asili yake mojawapo ni mtaa wa Wachina wa San Francisco, ambako mwanzoni mwa miaka ya 1970 shirika la On Lok lilianza kuwahudumia wazee waliotaka kuzeekea majumbani mwao kwa kuweka chini ya timu moja daktari, muuguzi, usafiri, chakula na kituo cha kushinda mchana. Mfano huo ulizaa mpango wa kitaifa wa PACE, uliopewa nafasi ya kudumu katika bima za serikali ya Marekani kwa sheria ya mwaka 1997. Julai 2024 nchi hiyo ilianza mpango mwingine wa miaka minane, GUIDE, uliotungwa kwa ajili ya dimenshia hasa: mgonjwa na mtunzaji wake hupewa mtu mmoja wa kuwaongoza, nambari ya simu inayojibiwa saa 24, mafunzo kwa mtunzaji, na kwa baadhi yao fedha za kumpumzisha mtunzaji zisizozidi dola 2,500 kwa mwaka. Msomaji aliye Marekani mwenye mzazi anayetibiwa kwa Medicare, bima ya serikali ya huko kwa wazee, aulizie mpango huo kabla ya kulipa mfukoni.

Kinachofaa kuigwa huku si fedha hizo, ambazo hatuna, bali umbo lake, na umbo hilo linaweza kujengwa na familia yenyewe bila kampuni. Linahitaji msimamizi mmoja anayejulikana kwa jina, daftari moja lisilotoka nyumbani, tabibu anayekubali kupigiwa simu na aliyekwisha kumwona mzee, na ratiba ya mapumziko ya kila anayehudumia. Muuguzi aje kila baada ya wiki mbili au nne. Kasoro yake ni kwamba yote yanasimama juu ya msimamizi. Akichoka, akisafiri, au ndugu wakigombea nafasi yake, daftari huandikwa siku tatu kisha likawa la hesabu za sokoni, na mnachobaki nacho ni njia ya pili kwa bei ya tatu. Familia yenye ugomvi wa muda mrefu heri ilipe kampuni, kwa kuwa kampuni ina mkataba wa kuihoji.

Kampuni inayodai kutoa huduma zilizounganishwa hupimwa kwa swali moja: tuelezeni mara ya mwisho mtu wenu wa kushinda na mzee alipoona jambo lililomfanya tabibu abadilishe dawa au mpango. Yenye kazi ya kweli itasimulia papo hapo bila kumtaja mgonjwa. Nyingine itaeleza kwamba ina wauguzi na ina wasaidizi, maana yake ankara ni moja na watu hawajuani.

Kipi kwa nani

Katika hatua za mwanzo, mzee anapojivalisha, anapokula mwenyewe na anaposahau miadi tu, muuguzi wa kila siku ni fedha iliyopotea, tena humfanya ajione mgonjwa kabla ya wakati. Mtu wa kushinda naye mara tatu au nne kwa wiki, daktari anayepitia dawa zake zote, na ndugu anayesimamia vinatosha. Huu pia ndio wakati wa kumwuliza mwenyewe anataka nani amwogeshe siku atakaposhindwa, na mambo ya shamba na nyumba yakae vipi, angali anaweza kujibu.

Hatua ya kati ndiyo ndefu na ndiyo inayovunja familia. Hapa sisiti kupendekeza njia ya nne, hata ikiwa ni ya kujengwa nyumbani na dada wa kazi aliyefunzwa na kupunguziwa kazi nyingine, mtu wa pili wa kumpokea, na muuguzi wa ziara. Ina ubora kuliko muuguzi mmoja wa kukaa saa zote, na kwa kawaida gharama yake ni ndogo. Isipokuwa mzee awe na jeraha, mpira wa mkojo au sindano za insulini zenye kubadilikabadilika; hapo ujuzi wa kila siku haukwepeki.

Mwishoni, mzee asipoinuka tena na akianza kupaliwa hata kwa maji, uzito unarudi kwenye mwili: kumgeuza kila baada ya saa mbili, uji mzito badala ya chai, ngozi, maumivu asiyoweza kuyasema. Muuguzi aliyesajiliwa anastahili kulipwa sasa, na usajili wake uhakikishwe kwa Baraza la Wauguzi la Kenya au Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania kabla hajaanza kazi. Lakini asiondolewe yule aliyeshinda na bibi miaka yote. Mara nyingi sauti yake ndiyo pekee inayomfanya bibi afungue mdomo kupokea kijiko.

Njia yoyote itakayochaguliwa ianze kwa siku saba za majaribio msimamizi akiwa nyumbani, asijitie katikati, akitazama tu nani anamwangalia mzee usoni wakati wa kusema naye. Siku ya nane daftari lisomwe na wote waliomhudumia wakiwa wamekaa pamoja, na likiwa halina hata mstari mmoja ambao familia haikuujua kabla, atafutwe mwingine.